Toleo la Nne Haliumwi, kwa Nini Liuawe?

Kwa Mkuu wa Idara ya Matoleo na Ukomo wa Huduma,
Kampuni Itengenezayo Jukwaa la Makontena,
Huko huko mliko.

YAH: KUPINGA KUUAWA KWA TOLEO LA NNE LIKIWA NA AFYA NJEMA

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kama na wewe umepangiwa tarehe ya ukomo, natumaini kuna mtu aliyekukalisha kitako akakwambia kwa upole, si kwa tangazo la barua pepe kama tulivyofanyiwa sisi.

Mimi ni mwangalizi wa chumba cha seva katika hospitali moja kubwa. Chumba chenyewe kiko kati ya dobi na stoo ya dawa, kwa hiyo ukuta mmoja una joto na mwingine una harufu. Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo, na ndoo naimwaga mwenyewe. Humo ndimo linamoishi jukwaa lenu. Kwa kuwa wakubwa wengi hutengeneza vitu wasivyowahi kuviona vikifanya kazi, niruhusu nieleze. Kila programu ya hospitali, ya kuandikisha wagonjwa, ya majibu ya maabara, ya stoo ya dawa, hata ile ya kupanga nani wodini ale bila chumvi, imefungwa ndani ya kasha lake, nasi tunaliita kontena. Jukwaa ndilo msimamizi wa makasha hayo. Linayaamsha, linayagawia nafasi, na moja likianguka linasimamisha jingine kabla daktari hajaanza kufoka. La kwetu ni toleo la nne. Hapa kazini wananiita Mzee Kontena, na sijawahi kulikataa jina.

Sasa inabidi nikueleze utaratibu wa hospitali yetu, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini nalia. Hapa mtu akifika umri wa kustaafu, lakini kikawepo kitu ambacho yeye peke yake ndiye anayekijua, haendi nyumbani. Anapewa mkataba wa kubaki na kitu hicho hadi kitakapokwisha chenyewe. Dereva wetu mkongwe ana mkataba hadi gari la wagonjwa la zamani lifutwe. Gari hilo sasa linaoshwa asubuhi na jioni, na mvua ikinyesha analifunika na hakuna mgonjwa anayebebwa. Fundi wa boila atabaki hadi boila lipasuke, Mungu apishe mbali, nalo analilinda hivi kwamba wodi ya wanaume inaoga maji ya uvuguvugu. Na mimi mkataba wangu unasema, neno kwa neno: atabaki kazini hadi mtengenezaji atakapositisha huduma kwa toleo la nne.

Kwa hiyo mlipoandika kwamba toleo la nne litafikia mwisho wa uhai wake mwishoni mwa mwaka huu, nyinyi mlidhani mnatangaza habari za programu. Mimi nilisoma jina langu. Nina malalamiko, na ili usichoke nimeyapa namba.

1. Lugha yenu. "Mwisho wa uhai" ndiyo maneno gani ya kumtumia mteja saa nne asubuhi, watu wanakunywa chai? Tangazo lilipofika lilipita kwanza kwa Afisa Utumishi, mama mwenye moyo mzuri na miwani anayoisahau kila mahali. Kwa mazoea yake, barua yoyote yenye neno uhai huipeleka kamati ya misiba. Kamati ikaibandika ubaoni, ikaichorea mstari mweusi pembeni: Mwisho wa Uhai, Toleo la Nne, mwangalizi Mzee Kontena. Kufika saa sita, wapishi walikuwa wameshampigia mke wangu kumpa pole. Muuguzi mkuu naye akapiga. Mtu wa tatu aliyepiga alikuwa analia. Nilipofika nyumbani kwa miguu yangu mwenyewe, mke wangu hakushtuka kuniona hai, maana alikuwa ameshaelewa habari yenyewe kuliko kamati. Aliniuliza kitu kimoja tu: kama hii ina maana kwamba sasa narudi nyumbani. Nilimwambia hapana, nitawaandikia wahusika. Akageukia cherehani yake.

2. Umri wa marehemu mtarajiwa. Toleo hili bado kijana. Mwaka wa kwanza nililiogopa, wa pili nilibishana nalo, wa tatu ndipo tukaanza kuelewana, na wa nne mnakuja na jeneza. Nyinyi siku hizi mnatoa matoleo matatu kwa mwaka. Matatu! Hata mbuzi hazai hivyo, na mbuzi angalau huwasubiri wa kwanza waache kunyonya. Najua mtasema watu wanapenda vipya. Ndiyo, kipya kinyemi ingawa kidonda, na sisi hospitalini vidonda tunavyo vya kutosha.

3. Safari mnayotutaka tuifanye. Mnasema tuhamie toleo la nane. Haya, nikasema labda ni kufunga mizigo na kwenda. Kumbe hairuhusiwi kutoka la nne kwenda la nane moja kwa moja. Ni lazima upitie la tano, ulale, upitie la sita, ulale, ndipo la saba. Ni sawa na mtu anayepanda lifti kwenda orofa ya nane akalazimishwa kushuka kila orofa akasalimie. Nimejaribu kusoma orodha ya mabadiliko ya toleo la tano. Neno lake la kwanza ni "tumeondoa". Linalofuata ni "hakitumiki tena". Halafu, bila haya, "tunayo furaha kuwatangazia". Nilichogundua ni kwamba mmeondoa amri ninayoiandika kila asubuhi, ile ya kuyahesabu makontena yote kwa mpigo. Naiandika kabla sijaweka mkoba chini. Vidole vyangu vinaijua kuliko ninavyoijua mimi. Mmeviuliza vidole vyangu? Hamkuviuliza.

Msaidizi wangu, mama mmoja mtulivu ambaye kila mtu anamwita Dada Taratibu, alikuwa akinisumbua miezi mingi kwamba safari hiyo inawezekana, kwamba ameisoma, kwamba tuijaribu kwanza kwenye mashine ya pembeni. Nilimjibu kwa methali, usiache mbachao kwa msala upitao. Siku hizi hasemi tena. Nachukulia kwamba amekubali hoja.

4. Vitisho. Mnasema kwamba baada ya tarehe hiyo hamtatoa tena viraka vya usalama, vile vya kuziba matundu ya programu, na wezi wa mitandaoni watatuingilia. Kwa heshima zote, wezi wa hapa tunawajua. Wameiba waya wa simu, wameiba koki za bafuni, na mwaka juzi waliiba mlango wa stoo ya mifagio wakaiacha mifagio. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizia makontena. Na hebu tuchukulie ametokea wa mbali, msomi, kaingia ndani ya toleo la nne. Ataona nini? Mimi nimeishi humo miaka yote hii na bado kuna siku napotea, natafuta kontena la maabara nalikuta jikoni. Mwizi huyo ataomba mwenyewe kuonyeshwa njia ya kutokea, na wa kumwonyesha ni nani kama mtaniondoa mimi? Mkifikiri vizuri mtaona kwamba usalama wa hospitali hii ni toleo la nne na mimi ndani yake.

5. Ushahidi wa afya. Katikati ya mwaka nilifanyiwa upasuaji wa macho, jicho hili kisha lile, nikakaa nyumbani wiki kadhaa nimefungwa bandeji. Nililala kwa wasiwasi, si kwa sababu ya macho. Nilijua nitarudi nikute majivu. Niliporudi nililikuta toleo la nne limesimama imara kuliko nilivyoliacha! Zamani lilikuwa likiyumba kila Jumatatu dobi wakiwasha mashine zao zote kwa pamoja. Sasa haliyumbi. Majibu ya maabara yanafika wodini kabla mgonjwa hajarudi kitandani kwake. Daktari wa watoto, ambaye hajawahi kumsifu mtu, alinisimamisha koridoni akanishika mkono. Sasa mniambie, mgonjwa gani huyo mnayetaka kumzika, ambaye anazidi kunenepa? Mimi nasema ni utu uzima. Vitu vikikaa na mtu anayevipenda, vinatulia.

6. Madhara kwa ukoo. Hili sikulitegemea. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye anayebeba shida za ukoo wetu mzima, aliliona tangazo lenu mezani kwangu, akalisoma mara mbili, akaomba nakala. Jumapili iliyofuata akatuma ujumbe kwenye kundi la familia. Alieleza kwamba kuanzia mwezi wa kwanza, huduma yake kwa wapwa wote waliovuka miaka ishirini na mitano itafikia ukomo. Hawatapata viraka. Anawashauri wahamie kwa mdogo wake, ambaye ndiye toleo linaloendelea kuhudumiwa. Mdogo wake ni mimi. Wawili wameshahamia, na mmoja anakoroma mchana. Shangazi amejibu kwamba na yeye anafikiria kusitisha huduma kwa mumewe, ila anatafuta njia ya kuhamisha data zake. Mnaona moto mliouwasha? Kama kila kinachoeleweka ni lazima kiuawe miezi kadhaa baada ya kueleweka, basi tumtangazie Mkurugenzi ukomo wake, tuwatangazie madaktari mabingwa, ndoa zote za zaidi ya miaka mitatu zihamishwe kwenye toleo jipya, na walimu wawatoe wanafunzi darasani mara tu wanapoanza kusoma bila kufuatisha kwa kidole. Mimi na mke wangu tuna miaka thelathini na nne. Kwa hesabu zenu hatupo.

7. Namba hii sikutaka kuiandika, lakini mtu akilalamika nusunusu ni bora asilalamike.

Nikiondoka hapa nitakwenda wapi? Najua mtasema nyumbani. Nyumbani kuna utaratibu wake ambao mimi simo. Sebule imekuwa chumba cha ushonaji. Kiti changu kimewekewa vitambaa vya wateja, nami nikikaa naombwa niinue miguu ili mkasi utafutwe. Mke wangu ana wateja, ana saa zake za kupumzika, ana redio yake. Hapa kazini nikikohoa, watu wanne wanageuka. Kule nikikohoa naambiwa nisogee mbali na gauni la bibi harusi. Na mimi siyo mtu wa kukaa bure, nikikaa bure naanza kupanga vitu vya watu.

Halafu kuna habari ya binti yetu. Ameolewa mbali, safari ya basi ya siku mbili, na ana mtoto wa kiume ambaye sijawahi kumshika. Mjukuu wangu ananijua kama sauti inayosema "picha imeganda". Mke wangu kila mara ananiambia twende hata mwezi mmoja, na kila mara namjibu kwamba siwezi kuliacha toleo la nne peke yake. Mjukuu alipozaliwa nilijibu hivyo. Alipoota jino nilijibu hivyo. Mwezi uliopita, alipoanza kutembea, mke wangu hakuniuliza tena, alinionyesha tu video aliyotumiwa na binti yetu akarudi kazini kwake. Naandika haya ili mjue ukubwa wa dhamana niliyoibeba. Mtu aliyeacha vitu kama hivyo kwa ajili ya toleo lenu, nyinyi mnamlipa kwa kuliua?

Kwa hoja hizo, ambazo naamini hakuna mtu mwenye akili timamu atakayezipinga, naomba yafuatayo.

Kwanza, toleo la nne liendelee kuhudumiwa hadi nitakapofariki mimi. Nikifa mtaarifiwe na Afisa Utumishi, ambaye tayari ana uzoefu wa kutangaza.

Kama hilo ni gumu, basi neno mwisho wa uhai lifutwe, liandikwe likizo. Likizo ya toleo ikianza, mimi niendelee kulilinda likiwa likizoni.

Na kama hilo nalo haliwezekani, nina ombi dogo. Bila shaka kwenu yupo mtu aliyelitengeneza toleo hili kwa mikono yake, na bila shaka naye sasa amewekwa pembeni, anaambiwa apishe vijana. Mpeni mkataba kama wangu. Mtu mmoja tu, abaki na toleo la nne huko, nami nibaki nalo huku. Hatutawasumbua. Tutaandikiana. Nina maswali mengi ya kumwuliza, mengine siyo ya kazi.

Nakuomba uwafikishie salamu zangu mafundi wote wa matoleo yote, walio hai na waliositishwa. Msalimie anayeandika matangazo, umwambie simchukii, ila ajaribu kutumia maneno mengine. Wasalimie wazazi wako kama unao, na wapishi wenu, na anayemwaga ndoo ya kiyoyozi chenu, maana najua lazima awepo. Dereva na fundi wa boila wanakusalimu pia, wanafuatilia jambo hili kwa karibu sana.

Wako katika kulinda kinachofanya kazi,

Mzee Kontena,
Mwangalizi wa Toleo la Nne.

N.B. Ndugu Mkuu, barua hii nilikwisha kuitia sahihi nikampa Dada Taratibu aipitishe kwenye skana. Aliisoma akiwa amesimama. Alipofika namba tano akavuta kiti akakaa, na alipofika namba saba akavua miwani. Nikadhani hoja imemgusa. Akaniambia, bila kunitazama: "Mzee, toleo la nne halipo. Tulihama ulipokuwa umefungwa macho."

Yeye na wasaidizi wenzake walipitia la tano, la sita, la saba, wakilala humu chumbani kwa zamu, na sasa tuko la nane tangu katikati ya mwaka. Ule ukurasa wa kwanza wenye namba nne ninaouona kila asubuhi wameuacha kwenye mashine yangu peke yake. Hata ile amri ya kuhesabu makontena, walinitengenezea nyingine yenye jina lile lile, ili vidole vyangu visishtuke. Daktari wa watoto aliyenishika mkono koridoni alikuwa analisifu toleo la nane. Na mimi katika barua hii yote nimelisifu toleo la nane.

Iliniuma, sifichi. Nilimwuliza kwa nini walinificha, mimi ambaye nimewafundisha kazi. Akasema: "Ungejua, ungeondoka."

Nilitoka nikaenda kusimama kule dobi, nikaangalia shuka zinavyozunguka hadi mashine ikamaliza. Halafu nikampigia mke wangu, nikamwuliza basi la kwenda kwa binti yetu linaondoka lini. Nilisikia akisimamisha cherehani. Kisha akasema Jumamosi alfajiri, na kwamba niende na sweta.

Nimekwenda kwa Afisa Utumishi kuaga. Ametafuta miwani, ameisoma ile karatasi ya mkataba, na ameniambia haiwezekani. Mkataba unasema hadi mtengenezaji atakapositisha huduma, na mtengenezaji bado hajasitisha. Kwa hiyo natakiwa kulilinda toleo la nne hadi mwisho wa mwaka, liwepo lisiwepo. Nimemsihi, amesema sheria ni sheria, labda niwaandikie wahusika.

Ndiyo nawaandikia. Yote niliyoomba hapo juu nayafuta. Nawasihi, kwa heshima na taadhima, mliue toleo la nne kabla ya Ijumaa, saa za kazi.